Pikipiki ya umeme na soketi ya mama mwenye nyumba

Mara ya kwanza kuikokota ilikuwa Alhamisi jioni, kati ya Kimara Baruti na Bucha, hapa Dar es Salaam. Ukipita pale ndani ya basi la mwendokasi hata hujui kama pana mlima. Shuka, ushike usukani wa kitu chenye kilo mia na ushee, begi la ofisi likining'inia shingoni, halafu utaniambia. Kioo kilikuwa bado kinaonyesha chaji asilimia ishirini. Nikiiacha ipumzike dakika tano inawaka, inanisogeza hatua kama mia mbili, inazima. Inapumzika, inawaka, inazima. Kama mgonjwa anayefumbua macho kila akiitwa jina.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda walinitazama nikipanda mpaka nikawafikia.

"Kaka, mafuta yameisha?"

"Haitumii mafuta."

"Aaah. Basi ndiyo maana haiendi."

Walicheka mpaka mmoja akashika tangi la pikipiki yake. Lakini ni huyo huyo aliyewasha ya kwake, akaja nyuma yangu, akaweka mguu kwenye kikanyagio changu na kunisukuma hivyo hivyo mpaka Kimara Mwisho. Pale akasema anarudi kwenye foleni yake ya abiria. Nikampa elfu mbili. Kutoka Kimara Mwisho hadi Temboni nilitembea na maiti yangu peke yangu.

Betri siku ile haikuwa mbovu. Kosa lilikuwa la birika. Nilikuwa nafika kazini Posta chaji ikiwa imebaki kidogo, naichomeka kwenye soketi iliyo ukutani kwenye kibanda cha mlinzi, na jioni naikuta imejaa. Siku ile mama wa chai alikuwa na wageni wa mkutano, soketi ya jikoni ikagoma, akaenda kwa mlinzi, akachomoa kilichokuwepo akachomeka birika lake. Alipomaliza alichomoa birika akaondoka. Hakuna aliyefanya ubaya. Mimi nilitoka saa kumi na moja na nusu, nikaona kioo, nikajipa moyo kwamba labda itanifikisha.

Watu wakisikia nina pikipiki ya umeme huuliza inakwenda kilomita ngapi. Huu ni mwaka wangu wa tatu na bado sijakutana na mtu aliyeniuliza naichomeka wapi. Nami sikujiuliza hilo kabla ya kununua, na karibu kila kilichonipata kimeanzia hapo.

Nilinunua ile ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2023, petroli ilipopita shilingi 3,200 kwa lita hapa Dar. Kutoka nyumbani Temboni hadi ofisini ni kama kilomita ishirini, kwenda na kurudi arobaini. Pikipiki yangu ya zamani ilikuwa inakula lita moja kasoro kidogo kwa siku. Nikapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi, nikaona ninaunguza mshahara barabarani. Muuzaji Kariakoo akaniambia ya umeme inakwenda kilomita sabini kwa chaji moja. Sabini! Kwangu arobaini. Nikaona nabaki na thelathini za kwenda sokoni.

Nilichopaswa kumuuliza ni volti na ampea-saa, ambazo mtaani tunaziita ampea tu. Imeandikwa ubavuni mwa betri, na hesabu yake mtoto wa darasa la tano anaiweza. Ile yangu ilikuwa volti 72, ampea 20. Zidisha, unapata wati-saa 1,440. Uniti moja tunayonunua kwenye LUKU ni 1,000 za hizo. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua ndoo inayobeba uniti moja na nusu kasoro. Pikipiki ya aina ile, mtu mmoja juu, mwendo wa hamsini hadi sitini kwa saa, inakunywa kati ya 30 na 40 kwa kila kilomita. Gawanya mwenyewe. Ikiwa mpya kabisa na ukinyonya hadi tone la mwisho, utaambulia kilomita arobaini. Sabini za muuzaji zipo, ila ni za mtu mwembamba anayekwenda mwendo wa baiskeli kwenye uwanja wa mpira.

Halafu kuna jambo la mlima, ambalo karatasi yangu haikulijua. Dar tunaisema ni tambarare kwa sababu ya bahari, lakini Kimara na Mbezi ziko juu. Asubuhi mimi nateremka kuelekea baharini, jioni napanda kurudi. Njia ni ile ile, urefu ule ule, ila kwenda kunakula chaji pungufu kabisa kuliko kurudi. Na kurudi ndiko unakofanya ukiwa na betri iliyochoka, na foleni ya Ubungo, na jua limekupiga. Mtu wa Tabata au Sinza hili halimhusu sana. Mtu wa Kimara, Goba au Makongo aandike kwenye kiganja.

Betri za ile pikipiki zilikuwa za asidi, sita, kila moja volti 12, zimefungwa kwa mfululizo chini ya kiti. Ndizo zinazokuja kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu. Hazipendi mambo mawili, na mimi nilizipa yote mawili. Hazipendi kuvutwa kwa nguvu: mlimani volti zinaporomoka, kontrola, kile kisanduku kinachoongoza mota, inadhani betri imekwisha, inakata; ukipumzika volti zinapanda, inawaka. Ndiyo yaliyonikuta Baruti. Na hazipendi kulala na njaa. Ukizitumia zikaisha, ukaziacha hivyo siku mbili tatu, ndani kunaganda kitu kwenye vyuma vyake na hakitoki tena.

Sasa kumbuka mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 tulikuwa kwenye nini. Mgao. Umeme unaondoka asubuhi unarudi usiku, au unarudi saa nane za usiku nawe umelala, unaondoka alfajiri. Pikipiki yangu ilikuwa inashiba nusu, inaamka inakwenda kazini, kule nako jenereta linawashwa kwa ajili ya kompyuta na mlinzi kaambiwa asichomeke kitu. Krismasi nikaenda Tanga siku tisa nikaiacha na chaji ya kuombea Mungu. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 235, ulipoanza kutoa umeme na mgao ukaanza kulegea, betri zangu zilikuwa zimeshazeeka. Bwawa zima lilipangwa kufikia megawati 2,115. Za kwangu hazikungoja.

Nilipeleka kwa fundi mmoja Manzese. Hakufungua chochote kwanza. Alitoa kipimo chake, akagusa betri moja baada ya nyingine huku anasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita majina: kumi na mbili na nusu, kumi na mbili na nne, kumi na mbili na nusu, tisa. Akanitazama.

"Umeisikia hiyo?"

"Nimeisikia."

"Hawa wamebeba jeneza, kaka. Huyu kaachia. Hao wengine watano wataanguka naye."

Nikamwambia abadilishe huyo mmoja. Akasema anaweza, hela yangu anaitaka, lakini mpya akiwekwa katikati ya wazee atafanya kazi ya wazee na baada ya miezi mitatu nitarudi. Sikumsikiliza. Baada ya miezi mitatu nilirudi. Pikipiki ile niliiuza kwa mtu wa Mbagala anayeitumia kupeleka mikate mtaani, kilomita nane kwa siku, hakuna kilima, na anaisifia hadi leo.

Ya pili niliichagua kwa karatasi mkononi. Betri ya lithiamu, volti 72, ampea 40, yaani uniti 2.9, mara mbili ya ile. Kwa njia yangu inanipa kilomita sitini na tano, ikiwa sina abiria. Nikaona nimemaliza matatizo. Kwenda na kurudi bila kumbembeleza mlinzi, bila kugombana na birika. Nachomeka nyumbani saa moja jioni, saa tano usiku imejaa.

Nyumbani kwangu wakati ule kulikuwa ni kupanga. Nyumba ya mama mmoja mtu mzima, yeye anakaa upande wa mbele, sisi wapangaji watatu tumezunguka ua, na mita ya LUKU ni moja. Kila mwezi tunachangia sawa. Nilipoileta pikipiki nilimfuata mama, nikamweleza, nikaahidi kuongeza elfu tano kila mwezi. Akasema hakuna shida mwanangu, umeme si wa Mungu tu. Elfu tano nikaona nimekuwa mkarimu, maana kabla ya hapo nyumba nzima ilikuwa haifiki elfu kumi kwa mwezi.

Wiki ya pili nilinusurika kuichoma nyumba yake. Soketi yangu iko ndani, pikipiki inalala uani, kwa hiyo nilitumia waya wa ekstensheni wa mita kumi wa bei rahisi. Umbali ni mita nne. Zilizobaki nikazikunja kama kamba, nikaziweka chini ya kitanda. Chaja ya betri kubwa inavuta umeme mwingi. Sasa fikiria umeme huo ukipita saa nne mfululizo, kila siku, kwenye waya mwembamba uliokunjwa chini ya godoro. Usiku niliamshwa na harufu. Nikadhani ni jirani anachoma takataka. Nilipogusa ule waya ulikuwa laini kama ubuyu ulioachwa juani, na plagi imeyeyukia kwenye soketi mpaka nilikwenda kuzima swichi kubwa. Kesho yake nilinunua waya mnene, mfupi, unaotosha umbali wenyewe na si zaidi, nikamwita fundi umeme abadilishe soketi. Mama sikumwambia. Anajua leo, maana nimeshamsimulia, na akasema alisikia ile harufu.

Kilichotugombanisha kikaja mwezi wa tatu. Nilirudi kazini nikakuta wapangaji wenzangu wamekaa na mama uani, na walivyonyamaza niliponyanyua lango nikajua ninazungumzwa mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka mzigo, mwanangu, uje ukae hapa."

Nikakaa. Mama akanipa simu yake nisome ujumbe wa tokeni. Amenunua umeme wa elfu tano, amepewa uniti kumi na nne. Akanishusha chini kwenye ujumbe wa zamani, kabla ya pikipiki: elfu tano, uniti arobaini.

"Umeme umepanda?" akauliza. Hakuwa ananiuliza, alikuwa ananipa nafasi.

Mpangaji wa chumba cha pembeni, dada anayefanya kazi saluni, alisema wazi: "Kaka, hiyo kitu yako inakunywa umeme wa nyumba nzima." Nikakasirika. Nikaingia ndani nikaleta kile kipimo kidogo nilichonunua, kinakaa kati ya plagi na soketi na kinahesabu uniti. Nikawaonyesha: kwa siku natumia uniti mbili. Kwa mwezi, hamsini na mbili. Nikawaambia hata zidisha mnavyotaka, hamwezi kupata hasara mnayoisema. Nikaona wana chuki na pikipiki. Nililala na hasira.

Asubuhi njiani, pale makutano ya Kijazi, Ubungo, foleni imenisimamisha, nikafanya hesabu upya. Na nikaona aibu.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo. Kundi hilo uniti ni shilingi 100, ukiongeza kodi na tozo inakuja 122, mradi nyumba haizidi uniti 75 kwa mwezi. Sisi wote pamoja tulikuwa tunatumia sitini na tano hivi: taa, televisheni, feni, na friji dogo la mama. Ukivuka 75, kila uniti ya juu ni 350 kabla ya kodi. Ukiendelea kuvuka, unahamishwa kundi, na huko kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni 292, ambayo na kodi zake ndiyo ile 356 watu wengi wa mjini wanaijua. Pikipiki yangu ilikuwa imechukua nyumba ya uniti sitini na tano ikaifanya ya mia moja na kumi na saba. Tulikuwa tumehamishwa.

Sasa angalia. Zamani nyumba nzima ililipa kama shilingi 7,900 kwa mwezi. Uniti zile zile sitini na tano, taa zile zile, feni ile ile, sasa zinalipiwa 23,000. Elfu kumi na tano zaidi, kwa watu ambao hawajaongeza hata balbu. Hata kama ningelipa uniti zangu hamsini na mbili zote, wao bado wangekuwa wananilipia usafiri wa kwenda kazini. Yule dada wa saluni hakujua habari za makundi ya bei, lakini alijua alichokiona. Mimi mwenye kipimo ndiye sikuona.

Niliporudi nilianza kwa kumwomba radhi yeye, halafu mama. Tukakubaliana nilipe uniti zangu zote kwa kipimo, pamoja na ile elfu kumi na tano, mpaka nipate mita yangu. Nilidhani ni wiki mbili. Mwenye nyumba atoe barua, fundi afanye michoro ya nyaya, uombe, ulipie, usubiri. Ilichukua miezi minne, na mama alitia sahihi barua tatu. Siku mita yangu ilipofungwa, nje ya chumba changu, alikuja akaitazama akasema, "Haya, sasa una mtoto wako, umlee." Ya kwake baadaye ilirudi kwenye kundi lake la zamani. Aliniletea sahani ya vitumbua.

Ndiyo maana rafiki zangu wakinionyesha picha za pikipiki kwenye simu, mimi huanza kuuliza mambo ya nyumba. Una mita yako? Nyumba iko kundi gani? Pikipiki inalala ndani ya ukuta au nje? Unakaa ghorofa ya ngapi? Maana betri yangu ina uzito kama gunia dogo la unga. Mtu wa ghorofa ya nne Kariakoo asiye na soketi chini atakuwa anabeba gunia hilo kila usiku, na siku ya tatu atairudia petroli. Kilomita ni swali la mwisho, na lina jibu rahisi.

Nairobi na Kigali wamelizunguka tatizo hili. Jamaa yangu anaendesha bodaboda Nairobi, betri si yake kabisa. Ikikaribia kuisha anaingia kituoni, anatoa, anapewa iliyojaa, dakika chache anaondoka, analipia chaji. Kigali kampuni ya Ampersand imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka, na serikali ya Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria za Kigali ziwe za umeme. Wao hawana haja ya kujua mama mwenye nyumba ana kundi gani la umeme. Sisi hapa Dar vituo vya namna hiyo ni vichache kwa ukubwa wa mji huu, na kwenye njia yangu ya Kimara sina ninachokitegemea. Kwa hiyo dereva wa bodaboda wa kwetu anayekimbia kilomita mia na ushee kwa siku simshauri anunue kama yangu. Chaji itamwishia saa saba mchana, na mchana ndiyo kwanza wateja wanakuja. Mimi wa kwenda na kurudi nina nafuu kwa sababu ninajua nitakapokuwa kila saa ya siku.

Isipokuwa Jangwani ikijaa maji. Kila masika bonde la Msimbazi hutukumbusha kwamba barabara ile tumeijenga kwenye njia ya maji. Asubuhi moja nimefika Magomeni Mapipa, askari wamefunga, maji yako juu ya lami. Pikipiki za petroli zilikuwa zinajaribu kupita pembeni. Watu wakanihimiza: wewe huna bomba la moshi, huna plagi ya injini ya kuzimwa na maji, pita! Ni kweli haina bomba la moshi. Lakini mota yangu iko ndani ya gurudumu la nyuma, na gurudumu ndilo linalozama kwanza. Mvua si tatizo, naendesha kwenye mvua mwaka mzima. Dimbwi la kufika kwenye ekseli ni kitu kingine. Maji yakiingia humo leo, kutu utaisikia mwezi ujao. Nikageuza, nikazunguka Kinondoni hadi daraja la Salenda nikaingia mjini kwa upande wa baharini. Mzunguko ule na foleni yake uliniongezea kilomita ambazo sikuwa nimezipangia, na jioni nikarudi kwa mwendo wa arobaini, taa ya mbele nimeiacha lakini redio nimezima, kana kwamba redio ingeniokoa. Nilifika na asilimia sita.

Kuna vitu vingine vidogo. Ukimya wake ni mtamu asubuhi ila ni hatari Manzese, ambako mtu huvuka kwa masikio. Amesikia hakuna kitu, anaingia barabarani na beseni kichwani. Nimejifunza kupiga honi mapema hata kama naonekana mshari. Trafiki mmoja aliwahi kuichukua kadi yangu, akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Hii cc ngapi?" Nikamwambia afande, haina. Akazunguka nyuma kuangalia bomba la moshi. Halikuwepo. Akanirudishia kadi akacheka, akataka kujua inakwenda kilomita ngapi.

Na hela? Nisidanganye. Umeme wangu wa mwezi ni kama 18,500. Petroli kwa njia hiyo hiyo ingekuwa sabini elfu hivi, inategemea bei ya mwezi. Sibadilishi oili, sisafishi kabureta, breki na matairi ni yale yale. Nabaki na elfu hamsini mkononi. Watu wengi huishia hapo na kupiga makofi. Lakini nilipouliza bei ya betri mpya kama yangu niliambiwa milioni moja na laki tisa. Ikinipa miaka mitano, hiyo ni elfu thelathini na mbili kila mwezi ambazo si zangu, ni za betri, ninazitunza tu. Kwa hiyo faida yangu ya kweli ni kama elfu kumi na nane. Ikidumu miaka minane, faida ni kubwa zaidi. Nazitenga kwenye akaunti ya simu ambayo nimeipa jina Betri, na mke wangu amekatazwa kuigusa, nami nimeshaigusa mara mbili.

Kuna raha ambayo haimo kwenye hesabu. Kutopanga foleni kituo cha mafuta tarehe ya kutangazwa bei mpya. Kuteremka Kimara alfajiri, hewa bado ya baridi, unasikia muadhini wa msikiti wa pili kabla ya wa kwanza hajamaliza. Kufika ofisini bila harufu ya moshi kwenye shati.

Tumeshahama pale kwa mama, tuko kwetu sasa, Temboni hiyo hiyo, na soketi ya uani niliichora mimi kwenye ramani kabla ya choo. Usiku huu umeme umekatika tangu saa mbili. Nimetoka kuangalia: asilimia hamsini na nne. Kwenda Posta itatosha, ni mteremko. Kurudi nitaongea na mama wa chai.